Ndugu Grimm na Wanawake Waliowasimulia Ngano

Watoto wengi wa dunia hii wamesikia hadithi ya mtoto wa kike aliyekwenda kumtazama bibi yake mgonjwa, akakutana na mbwa mwitu njiani. Au ile ya ndugu wawili, mvulana na msichana, walioachwa msituni kwa sababu ya njaa. Hadithi hizi zimefasiriwa katika lugha zaidi ya 100, na kila zinapofika huitwa kwa jina moja, hadithi za Grimm. Hata wako wasomaji wanaodhani ya kuwa Grimm alikuwa mtu mmoja, naye alizitunga kwa akili zake mwenyewe. Sivyo. Grimm walikuwa ndugu wawili, Jacob na Wilhelm, watu wa Ujerumani, nchi ambayo wazee wetu waliiita Udachi. Wala hawakuzitunga. Walizisikia vinywani mwa watu, na wengi wa watu hao walikuwa wanawake.

Twataka kusimulia hapa maisha ya ndugu hao na kazi yao, kwa kuwa mna mafunzo mawili ndani yake. La kwanza ni kwamba maneno yanayodharauliwa na wenye elimu, yale ya jikoni na ya jioni, yaweza kuwa hazina ya taifa zima. La pili ni kwamba mtu anayeandika maneno ya mwenziwe amepokea amana, na amana ina masharti yake. Katika masharti hayo ndugu hawa walifaulu sana, tena walipungukiwa. Tutayasema yote mawili, maana sifa isiyo na ukweli haimfai aliyekufa wala aliye hai.

Utoto wao

Jacob alizaliwa tarehe 4 Januari 1785, na Wilhelm tarehe 24 Februari 1786, katika mji wa Hanau, nchi ya Hesse. Siku zile Ujerumani haikuwa dola moja. Ilikuwa imegawanyika katika nchi nyingi, kubwa na ndogo, kila moja na mtawala wake. Babu yao alikuwa mchungaji wa kanisa, na baba wa babu yao kadhalika. Baba yao, Philipp Wilhelm, alisoma sheria, na mwaka 1791 akapewa kazi ya hakimu na msimamizi wa wilaya huko Steinau. Wakakaa huko katika nyumba kubwa ya serikali, wala hawakupungukiwa na kitu.

Hata mwaka 1796 baba akafa kwa ugonjwa wa mapafu, naye hajatimiza miaka 45. Mama yao, Dorothea, akabaki na watoto sita. Nyumba ile ilikuwa ya kazi, si mali yao, ikawapasa kuhama. Jacob alikuwa na miaka 11 tu, na tangu siku hiyo akawa kama baba kwa wadogo wake. Dada wa mama yao, aliyekuwa katika utumishi wa mke wa mtawala mjini Kassel, akawachukua Jacob na Wilhelm mwaka 1798 ili wasome shule ya mji huo. Wakasoma kwa bidii ya watu wanaojua ya kuwa hawana urithi mwingine. Wilhelm alipata ugonjwa wa kifua na moyo ulioendelea kumsumbua katika maisha yake yote.

Jacob akaingia chuo kikuu cha Marburg mwaka 1802, na Wilhelm akamfuata mwaka 1803, wote wawili wasome sheria kama baba yao. Palikuwa na msaada wa fedha kwa wanafunzi, lakini ukapewa wana wa matajiri wenye mashamba, na Jacob, mwana wa mjane, akakosa. Baadaye aliandika ya kuwa umaskini humsukuma mtu kufanya kazi, tena humfundisha kujiheshimu kwa jambo alilolipata kwa jasho lake.

Huko Marburg walipata mwalimu mwema, Friedrich Carl von Savigny, ambaye alikuwa kijana bado. Huyu aliwafundisha ya kuwa sheria haifahamiki pasipo kujua mambo ya kale ya watu wake, maana sheria na lugha na desturi hukua pamoja kama matawi ya mti mmoja. Katika maktaba ya Savigny Jacob alifungua vitabu vya nyimbo za kale za Kijerumani, na moyo wake ukaugeukia mlango mwingine wa elimu. Mwaka 1805 alikwenda Paris kumsaidia mwalimu wake kunakili maandiko ya zamani. Kutoka huko alimwandikia Wilhelm kwamba wasitengane tena kamwe. Neno hilo walilitimiza. Hata Wilhelm alipooa, Jacob, ambaye hakuoa, alikaa katika nyumba ile ile, na vitabu vyao vilikuwa mali yao ya pamoja.

Vita, na sababu ya kukusanya

Mwaka 1806 majeshi ya Napoleon yaliiteka Hesse. Mwaka uliofuata Kassel ukafanywa mji mkuu wa ufalme mpya wa Westphalia, na Jérôme, ndugu yake Napoleon, akatawazwa kuwa mfalme. Kifaransa kikawa lugha ya baraza la mfalme. Mwaka 1808 mama yao akafa, na Jacob, akiwa na miaka 23, akabaki na mzigo wa kuwalisha wadogo wake. Ndipo akapata kazi ya kutunza maktaba ya mfalme huyo wa kigeni. Mshahara ulikuwa mzuri na kazi chache, naye akatumia nafasi hiyo kusoma.

Yatupasa kufahamu hali ya Wajerumani wakati huo. Hawakuwa na dola moja, na mtawala wao alikuwa mgeni. Kitu kimoja tu walichokuwa nacho wote, tajiri na maskini, kilikuwa lugha yao na yale yaliyohifadhiwa ndani ya lugha hiyo: methali, nyimbo, vitendawili na ngano. Marafiki wawili wa Savigny, Clemens Brentano na Achim von Arnim, walikuwa wakikusanya nyimbo za watu, wakaomba msaada wa ndugu Grimm. Hivyo, tangu karibu mwaka 1806, Jacob na Wilhelm wakaanza kuandika nyimbo na ngano pia. Waliona ya kuwa mambo hayo yanakwisha upesi, kwa kuwa wazee wanaoyajua wanakufa na vijana wanaona haya kuyasikiliza.

Waliosimulia

Watu wengi hudhani ndugu hawa walitembea vijijini na mfuko begani, wakibisha hodi kila nyumba. Mambo hayakuwa hivyo. Mara nyingi wasimulizi ndio waliokuja kwao. Wa kwanza walikuwa majirani zao mjini Kassel, jamaa ya Wild, muuza dawa, aliyekuwa na mabinti kadhaa. Mmoja wa mabinti hao, Dortchen, alimsimulia Wilhelm hadithi nyingi, na mwaka 1825 akawa mke wake. Jamaa nyingine ilikuwa ya Hassenpflug, ambao mabinti zao walikuwa wasichana wenye elimu. Jamaa ya mama yao walitoka katika wale Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia kwao baada ya mfalme Louis wa 14 kuwaondolea uhuru wa ibada mwaka 1685. Kwa njia yao hadithi kadhaa za Kifaransa zilivaa nguo za Kijerumani. Ile ya mtoto na mbwa mwitu ilikwisha kupigwa chapa kwa Kifaransa na Charles Perrault mwaka 1697.

Palikuwa pia na askari mstaafu, Johann Friedrich Krause, mtu maskini, aliyesimulia ngano zake akapewa suruali kuukuu. Na huko Marburg palikuwa na mama mzee katika nyumba ya kutunzia maskini, aliyesifiwa kwa hadithi zake. Wilhelm alikwenda mwaka 1810 kumsikiliza, na mzee yule akakataa. Aliona ya kuwa ni aibu kwa mtu wa makamo yake kumsimulia bwana msomi hadithi za watoto, watu watamcheka. Mwisho ngano zake zilipatikana kwa njia ya watoto. Mzee aliwasimulia watoto wa msimamizi wa nyumba ile bila wasiwasi, na kwao zikafika kwa Wilhelm. Kisa hiki kinatufundisha ya kuwa aliye na hazina hutazama kwanza uso wa anayeiomba.

Lakini aliyewapita wote alikuwa Dorothea Viehmann. Alizaliwa mwaka 1755, binti wa mwenye nyumba ya wageni kando ya njia kuu karibu na Kassel. Wapagazi wa magari, askari na mafundi wasafiri walilala hapo, na msichana yule aliyekuwa akiwahudumia aliyasikia masimulizi yao, akayaweka moyoni. Akaolewa na mshona nguo, akakaa katika kijiji cha Niederzwehren. Vita viliwafanya maskini, naye akawa akichukua mboga za bustani yake kwenda kuziuza Kassel. Mwaka 1813 akajulishwa kwa ndugu Grimm. Tangu hapo alifika kwao karibu kila juma. Walimkaribisha kahawa, wakampa na fedha kidogo, nao wakaandika kwa zamu kwa muda wa saa tatu au nne.

Wilhelm ameeleza jinsi mama huyo alivyosimulia. Kwanza alisema kwa mwendo wa kawaida. Kisha, akiombwa, alirudia polepole ili mwandishi amfuate. Hakubadili neno katika kurudia, na akikosea mara hujisahihisha. Wanaodhani ya kuwa kumbukumbu ya mtu asiyeandika ni kama maji katika tenga, na wamfikiri mama huyu.

Aliwapa ngano zaidi ya 30. Moja ni ya binti wa mkulima mwenye akili. Mfalme alimtaka aje kwake hali hakuvaa wala si uchi, hakupanda mnyama wala hakwenda kwa miguu, hayumo njiani wala hayuko nje ya njia. Binti akajivika wavu wa kuvulia samaki, akaufunga katika mkia wa punda, punda akamburuta katika mfuo wa gurudumu. Mfalme akamwoa. Siku moja akamkasirikia, akamwamuru arudi kwao, ila achukue kitu kimoja tu anachokipenda kuliko vyote. Mke akampa mumewe kinywaji cha usingizi, akamfunga ndani ya shuka, akamchukua yeye. Mfalme alipoamka katika kibanda cha mkulima alifahamu, akamrudisha nyumbani. Wasomaji wetu watakumbuka ya kuwa kwetu pia ziko hadithi za mke mwenye akili kuliko sultani. Ngano husafiri, wala haziulizwi cheti mpakani.

Dorothea Viehmann hakuishi hata miaka mitatu baada ya kukutana na ndugu Grimm. Lau wangalichelewa kidogo, ngano zile zingalizikwa pamoja naye, wala hakuna mtu ambaye angalijua kilichopotea.

Kitabu

Mwaka 1810 ndugu walimpelekea Brentano maandishi yao, naye hakuyarudisha. Kwa bahati walikuwa wamekwisha kuyanakili. Arnim ndiye aliyewatia moyo na kuwatafutia mpiga chapa mjini Berlin. Kitabu cha kwanza kikatoka mwezi wa Desemba 1812, kina hadithi 86, jina lake *Kinder- und Hausmärchen*, maana yake, Ngano za Watoto na za Nyumbani. Nakala zake zilikuwa kama 900. Kitabu cha pili kikatoka mwaka 1815, kina hadithi 70, na nyingi katika hizo zilikuwa za mama Viehmann.

Mwanzo kitabu hakikuuzwa sana. Wengine walisema maneno yake ni makavu, wengine wakasema hayafai watoto. Wilhelm akaanza kukitengeneza. Mwaka 1825 akatoa kitabu kidogo chenye hadithi 50 zilizochaguliwa, na picha zilizochorwa na mdogo wao Ludwig Emil. Hicho ndicho kilichoingia katika nyumba za watu. Chapa ya saba, ya mwaka 1857, ndiyo ya mwisho iliyotengenezwa na Wilhelm mwenyewe. Ilikuwa na hadithi 200, pamoja na nyingine 10 za mambo ya dini.

Hapa ndipo yatupasa kusema ukweli wote. Ndugu Grimm waliahidi kuandika kwa uaminifu, bila kuongeza wala kupamba. Lakini kutoka chapa moja hata nyingine Wilhelm alirekebisha maneno, akaunganisha hadithi mbili kuwa moja, akaondoa mambo aliyoyaona hayafai. Katika chapa ya kwanza, mwanamke aliyetaka kumwua binti mweupe kama theluji kwa sababu ya wivu alikuwa mama yake mzazi. Kuanzia mwaka 1819 akawa mama wa kambo. Vivyo hivyo mama wa watoto walioachwa msituni. Wilhelm alitaka kulinda heshima ya mama, lakini akina mama wa kambo wakabebeshwa lawama ambayo wengi wao hawakustahili.

Tena, ndugu hawa walipenda watu waamini ya kuwa ngano zote zilitoka kwa wakulima wa Hesse. Baadaye Herman, mwana wa Wilhelm, alitangaza ya kuwa nyingi zilisimuliwa na yaya mzee aliyeitwa Marie. Mwaka 1975 mtaalamu mmoja, Heinz Rölleke, alionyesha ya kuwa Marie huyo alikuwa Marie Hassenpflug, msichana wa mjini mwenye elimu. Na liko doa zito zaidi: kitabuni mna ngano inayomfanya Myahudi kuwa kitu cha kuchekwa na kuteswa. Baada ya miaka 1933 hadi 1945, ambapo watawala wa Ujerumani waliwaua Wayahudi wapatao milioni 6, hakuna mtu mwema awezaye kuisoma hadithi ile na kucheka. Hadithi hufundisha, na hufundisha mabaya kama ifundishavyo mema.

Sheria ya sauti

Wilhelm alipokuwa akitengeneza ngano, Jacob alijitia katika sarufi. Mwaka 1819 alitoa kitabu cha kwanza cha sarufi ya Kijerumani, na mwaka 1822 akakitoa upya na jambo kubwa ndani yake. Alionyesha ya kuwa sauti za lugha hazibadiliki ovyo; hubadilika kwa taratibu. Penye p katika Kilatini, Kijerumani kina sauti ya f: baba ni *pater* na *Vater*, samaki ni *piscis* na *Fisch*, mguu ni *pes* na *Fuß*. Mtaalamu wa Denmark, Rasmus Rask, alikwisha kuona jambo hili mwaka 1818, lakini Jacob alilipanga likawa kanuni, na hata leo huitwa sheria ya Grimm.

Msomaji asidhani jambo hili liko mbali naye. Mtu wa Mombasa husema mato, mtele, kuteka. Mtu wa Unguja husema macho, mchele, kucheka. Hapana anayekosea kati yao. Sauti ya huku hujibu sauti ya kule kwa utaratibu. Kwa njia hiyo hiyo Carl Meinhof alitoa mwaka 1899 kitabu cha sauti za lugha za Kibantu, akaonyesha jinsi zinavyohusiana kama ndugu wa tumbo moja. Mbegu aliyoipanda Jacob katika Kijerumani ilizaa hata katika lugha zetu.

Kiapo

Mwaka 1829 walinyimwa cheo walichostahili katika maktaba ya Kassel, wakahamia chuo kikuu cha Göttingen katika ufalme wa Hannover. Hapo walifundisha kwa heshima kubwa. Hata mwaka 1837 akatawazwa mfalme mpya, Ernst August, akaifuta katiba ya mwaka 1833. Watumishi wote wa serikali walikuwa wameapa kuishika katiba ile, na waalimu wa chuo miongoni mwao. Mfalme akawaambia wamefunguliwa kiapo chao.

Wengi walinyamaza. Waalimu saba hawakunyamaza. Tarehe 18 Novemba 1837 waliandika ya kuwa hawawezi kuonekana mbele ya wanafunzi kama watu wanaochezea viapo vyao. Jacob na Wilhelm walikuwa kati ya hao saba, pamoja na Heinrich Ewald, mtaalamu wa Kiebrania na Agano la Kale. Mwezi wa Desemba wote saba wakafukuzwa kazi, na watatu, Jacob mmojawapo, wakaamriwa kutoka katika nchi kwa muda wa siku tatu. Wanafunzi wengi walimsindikiza mpaka mpakani. Alikuwa na miaka 52, hana kazi wala nyumba. Mwaka 1838 alitoa kitabu kidogo kueleza sababu zake, nacho kilipigwa chapa Basel, nje ya Ujerumani.

Twauliza, je, kisa hiki kina uhusiano gani na ngano? Kina uhusiano. Mtu aliyezoea kuyatunza maneno ya mama muuza mboga hawezi kuyatupa maneno yake mwenyewe aliyoyasema kwa kiapo.

Mwaka 1841 walihamia Berlin, kwa kuitwa na mfalme wa Prussia. Mwaka 1848 Jacob alichaguliwa kuingia katika bunge la Wajerumani lililokutana Frankfurt ili kutunga katiba ya taifa zima. Alitoa shauri liandikwe ya kuwa ardhi ya Ujerumani haivumilii utumwa, na kwamba mtumwa mgeni akaaye juu yake amekuwa huru. Kura zilipohesabiwa shauri lake halikupita. Mwaka huo watumwa walikuwa wakiuzwa bado sokoni Unguja, na soko hilo halikufungwa mpaka mwaka 1873. Kwa hiyo sisi tunao haki ya kulikumbuka shauri lile, ingawa lilishindwa.

Kamusi

Walipokuwa bila kazi, mwaka 1838, walikubali kutunga kamusi ya Kijerumani itakayoonyesha kila neno lilikotoka na jinsi waandishi walivyolitumia, tangu Martin Luther mpaka Goethe. Walidhani wataimaliza katika miaka michache. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1852, na kitabu kizima cha kwanza mwaka 1854. Jacob alitumaini ya kuwa baba wa nyumba atakifungua jioni na kusoma maneno pamoja na wanawe.

Wilhelm alimaliza herufi D, akafa tarehe 16 Desemba 1859. Jacob akaendelea peke yake, akafika herufi F, na katika neno *Frucht*, maana yake tunda, kalamu yake ikasimama. Alikufa tarehe 20 Septemba 1863. Wamezikwa ubavu kwa ubavu mjini Berlin, kama walivyoishi. Wengine waliipokea kazi, wakafa. Wengine wakaipokea kwao. Vita viwili vikubwa vikapita, Ujerumani ikagawanyika, na wataalamu wa pande zote mbili wakaendelea pamoja. Kamusi ilikamilika mwaka 1961, vitabu 32. Ndugu Grimm waliandika sehemu ndogo tu, lakini wasingalianza, hapangalikuwa na cha kumalizia.

Amana ya majina

Mfano wao uliwaamsha wengi. Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyekaa Afrika Kusini, alitoa mwaka 1864 kitabu cha ngano za Wakhoikhoi. Edward Steere alitoa mwaka 1870 ngano za Kiswahili alizozikusanya Unguja, Kiswahili ukurasa huu na Kiingereza ukurasa unaouelekea. Bruno Gutmann wa misheni ya Leipzig alitoa mwaka 1914 kitabu cha masimulizi ya Wachaga. Hao walikuja kutoka mbali, wakasikiliza kwetu, wakaandika.

Sasa turudie lile neno la amana. Mwaka 1815, Jacob alipokuwa Vienna kwa kazi ya serikali, alipiga chapa barua ya kuwaomba watu wa kila mahali wakusanye nyimbo, ngano, methali, desturi na michezo. Alitaka yaandikwe kama yalivyosemwa, kwa lahaja ya msemaji, bila pambo, na kila neno liwe na habari za mahali lilikotoka na mtu aliyelisema. Agizo hilo lilikuwa jema. Lakini katika kitabu chao wenyewe waliandika tu ya kuwa hadithi hii imetoka Hesse, ile imetoka Westphalia. Wasimulizi karibu wote hawakutajwa. Mama Viehmann alitajwa kwa heshima, na picha yake ikatiwa katika chapa ya mwaka 1819. Wengine twawajua kwa sababu moja tu: Wilhelm alikuwa na desturi ya kuandika kwa wino, pembeni mwa kurasa za nakala yake mwenyewe, jina la aliyemsimulia na tarehe. Nakala hizo zimetunzwa Kassel, na mwaka 2005 UNESCO iliziweka katika orodha ya kumbukumbu za dunia.

Fikirini, wasomaji: maneno machache ya pembeni ndiyo yaliyowarudishia haki yao Dortchen, Marie na yule askari wa suruali kuukuu. Pasipo hayo, sifa yote ingalibaki kwa wawili, na waliotoa wangalisahauliwa kabisa.

Basi katika kila kijiji chetu wako wazee wanaosema Paukwa, na kila mwaka hupungua. Kijana anayejua kuandika, na aketi nao jioni kwa adabu. Aandike asikiavyo, asirekebishe maneno ya mzee ili yapendeze wasomi, wala asione haya kwa lugha ya kwao. Na akiisha kuandika hadithi, kabla ya kufunga daftari, aandike chini yake mambo matatu: jina la aliyesimulia, kijiji chake, na mwaka.